Umeambiwa uandike wasifu wa mama au bibi aliyefariki? Fuata hatua hizi

Turubai likishafungwa na viti vikashushwa, huwa kuna mtu mmoja anaitwa pembeni: "Wewe ndiye unayejua kuandika, tuandikie historia ya mama." Mazishi ni keshokutwa. Maswali yanayofuata karibu kila msiba ni yale yale. Nianze wapi? Kurasa ngapi? Mwaka wa kuzaliwa haujulikani, nifanyeje? Kuna mtoto ambaye upande mmoja hautaki atajwe, nimtaje? Nimeyajibu hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo huu umelenga misiba ya Tanzania Bara, hasa ile ambayo wasifu husomwa kabla ya ibada au wakati wa kuaga mwili. Kwa Waislamu maziko hayacheleweshwi, na kwa kawaida hakuna wasifu unaosomwa kaburini. Lakini kama familia inataka habari za mama ziandikwe kwa utulivu baada ya maziko, hatua ya 2 hadi ya 6 zitakufaa vile vile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu mbili. Usitegemee simu peke yake. Siku za msiba simu yako haitatulia.
- Simu yenye nafasi ya kurekodi sauti za wazee, pamoja na idhini yao.
- Mtu mmoja wa kwao mama (kaka, dada, au mtoto wa kaka yake) na mmoja wa upande alikoolewa.
- Ruhusa ya kufungua sanduku au kabati lake. Mwombe binti aliyekuwa anamuuguza, kwa sababu mara nyingi ndiye mwenye funguo na ndiye anayejua kilichomo.
- Steshenari inayofungua mapema, yenye umeme wa uhakika au jenereta.
- Saa mbili za kukaa peke yako. Hizi ndizo ngumu kupata, kwa hiyo ziombe mapema na waambie watu wazi unakwenda kufanya nini. La sivyo utatumwa kufuata barafu.

Hatua ya 1: Jua nani ana neno la mwisho

Muulize msemaji wa familia nani ataidhinisha maandishi. Mama ana kwao na ana alikoolewa, na kila upande una historia yake. Wajomba wasipoulizwa watanyamaza wakati wa kusoma, halafu watasema baada ya kuzika, na hapo ndipo maneno yanapokuwa mazito. Pata majina mawili tu, moja kwa kila upande. Ukikubali kamati nzima iandike, utasoma karatasi isiyo na mwenyewe.

Hatua ya 2: Anza na karatasi, ndipo uende kwa watu

Watu waliofiwa hawakumbuki vizuri, na hilo si kosa lao. Karatasi hazina majonzi. Tafuta hizi:

- Cheti cha ubatizo au cha ndoa. Kama kimepotea na mama alikuwa Mkatoliki, nenda parokia alikobatizwa au umtume mtu aliye karibu. Daftari la ubatizo lina majina ya wazazi na msimamizi, na pembeni mwa jina lake huandikwa pia habari za ndoa yake. Safari moja ya bodaboda inaweza kukupa nusu ya wasifu.
- Kitambulisho cha taifa, kadi ya mpiga kura, kadi ya bima ya afya.
- Kadi ya TANU au CCM, kadi ya UWT (Umoja wa Wanawake wa Tanzania), kadi ya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) au ya umoja wa wanawake wa kanisa lake. Angalia tarehe ya kujiunga.
- Kadi za kliniki za watoto wake. Wanawake wengi huzitunza miaka na miaka.
- Daftari la upatu au la kikoba. Hapa utakuta ametajwa kama mwekahazina, jambo ambalo watoto wake wenyewe huenda hawalijui.
- Picha za studio. Zigeuze nyuma utafute mhuri au mwandiko.
- Kanga na vitenge vya sare. Sare ya harusi, ya jubilei ya kanisa, ya mkutano wa wanawake: kila moja ni tukio alilokuwepo. Waulize mabinti, watakutajia mwaka na hata aliyeishona.

Tahadhari: usiondoke na karatasi halisi. Zipige picha na uzirudishe pale pale. Vyeti hupotea sana wakati wa misiba, na baadaye vitatakiwa kwa ajili ya cheti cha kifo na mirathi.

Hatua ya 3: Waulize watu, na uende jikoni

Kosa la kawaida ni kukaa na wazee wa kiume chini ya mwembe na kudhani umemaliza. Wao watakupa ukoo, kijiji, na jina la chifu. Habari za mama mwenyewe ziko kwa wanawake wanaochambua mchele na kumenya viazi nyuma ya nyumba. Kaa nao, ushike kisu nawe umenye. Watatu au wanne wanatosha: dada au wifi yake, jirani wa miaka mingi, mwenzake wa kwaya au wa genge, na mjukuu aliyelelewa naye.

Usiulize "Alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa kwamba alikuwa mcheshi, mkarimu, mpenda watu, na hayo husemwa kwa kila marehemu. Uliza hivi:

- Alikuwa anaamka saa ngapi, na jambo la kwanza kulifanya ni lipi?
- Fedha yake mwenyewe ya kwanza aliipata kwa kazi gani?
- Nani waliwahi kukaa kwake ambao hakuwazaa?
- Ukimkosea, alikuwa anafanyaje?
- Chakula gani hakuna aliyekipika kama yeye?
- Neno gani alilirudia mpaka wajukuu wakaanza kumwigiza?
- Alihamia hapa lini, akitokea wapi, na kwa sababu gani?
- Wewe ulikuwa unamwitaje?

Swali la mwisho lina kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, jina la mume, na jina la kifungua mimba wake. Huko kwao ni binti fulani. Mtaani kwa miaka arobaini wamemjua kama Mama Fulani. Kwa wajukuu ni Bibi wa mahali fulani. Yataje yote katika aya ya kwanza. Kuna majirani watakaofika wakiwa hawalijui jina lililoandikwa msalabani.

Hatua ya 4: Panga tarehe, hata zile zisizojulikana

Kitambulisho kikionyesha tarehe 1 Januari au 1 Julai, huenda ilikadiriwa siku ya kujiandikisha. Akina mama waliozaliwa vijijini kabla ya Uhuru wengi hawana tarehe kamili. Usiibuni. Itafute kwa matukio ambayo wazee wanayakumbuka:

- Wanaume kurudi kutoka vita vya pili vya dunia, 1945 na 1946. Wazee husema "baba yake alikuwa keya (askari wa KAR, jeshi la Mwingereza), alikwenda Burma."
- Kuanzishwa kwa TANU, 7 Julai 1954.
- Uhuru, 9 Desemba 1961.
- Azimio la Arusha, Februari 1967.
- Kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, hasa 1973 hadi 1976.
- Vita vya Kagera, kuanzia Oktoba 1978 hadi 1979.
- Foleni za sukari na sabuni, mwanzoni mwa miaka ya 1980.
- Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, 12 Aprili 1984.
- Kuzama kwa meli ya MV Bukoba, 21 Mei 1996.
- Mvua za El Niño, 1997 na 1998.
- Kifo cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Dada yake anasema, "Tulipopata Uhuru, yeye ndiyo kwanza amevunja ungo." Basi mwaka 1961 alikuwa na miaka kama 13 hadi 15, na alizaliwa kati ya 1946 na 1948. Linganisha na mwaka wa kifungua mimba. Vikipatana, andika "alizaliwa mwaka 1947 kwa makadirio."

Tahadhari: mwaka utakaouandika ufanane na ulioandikwa msalabani na kwenye ratiba ya ibada. Mpigie fundi wa msalaba kabla hajaanza kupaka rangi. Waombolezaji hawana pa kutazama wakati wa kusubiri jeneza, kwa hiyo hesabu hiyo wataifanya.

Hatua ya 5: Andika orodha ya familia kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo misiba hugombanisha watu, kwa hiyo usiharakishe. Chora mti kwenye daftari: wazazi wake, ndugu zake kwa mpangilio wa kuzaliwa, mume au waume, watoto, wajukuu, vitukuu, na vilembwe kama wapo. Kisha fuata kanuni hizi:

- Mtoto aliye hai haachwi. Kama alizaliwa kabla ya ndoa au nje yake, zungumza naye mwenyewe kwanza, umuulize anataka atajweje. Huna haja ya kueleza alivyopatikana. Jina lake linakaa mahali pake kwa umri. Ndugu wakikataa, warudishe kwa wale wawili wa hatua ya 1. Mimi katika hili sina upole: mtu hawezi kumzika mama yake akiwa amefutwa kwenye orodha.
- Watoto waliotangulia mbele za haki wanahesabiwa, hata aliyefariki akiwa mchanga. "Alijaliwa watoto tisa, wawili wametangulia." Mama hakuwahi kuwatoa kwenye hesabu yake.
- Aliowalea andika kama aliowalea, kwa majina. Mtoto wa mdogo wake aliyekaa kwake tangu darasa la pili hadi anaolewa si "ndugu wengine".
- Ndoa ya kwanza iliyovunjika itajwe kwa sentensi moja isiyo na sababu. Mke mwenza atajwe kwa heshima, hasa kama yuko hai na amekaa pale mkekani.
- Wajukuu wakizidi kumi, toa idadi tu. Orodha ya majina 34 hupoteza watu, na hakika utamsahau mmoja.

Hesabu ya wajukuu ihakikiwe na mtu mzima mmoja kutoka nyumba ya kila mtoto wake. Usiamini anayekwambia "kama ishirini hivi."

Hatua ya 6: Tafuta kazi yake

Karibu kila wasifu wa mwanamke wa umri huo una sentensi hii: "Marehemu alikuwa mama wa nyumbani." Halafu aya nzima inafuata kuhusu kazi ya mumewe, vyeo vyake, na vituo alivyohamishiwa. Ukiacha hivyo, umeandika wasifu wa baba katika mazishi ya mama.

Uliza: nyumba hii ilikula nini mshahara ulipochelewa? Jibu ndilo kazi yake. Alilima ekari ngapi, za nini, na jembe au ng'ombe? Aliuza nini, wapi, saa ngapi? Alikuwa mkunga wa jadi, kungwi, fundi wa kusuka mikeka, mfinyanzi? Alianzisha upatu gani? Angalia tofauti:

Badala ya: "Alikuwa mama wa nyumbani aliyejituma sana kulea familia."

Andika: "Mume wake alipopunguzwa kazi kiwandani mwaka 1993, alianza kukaanga samaki na kuwauza kituo cha basi kila jioni. Ada za watoto wanne wa mwisho zilitoka kwenye karai lile."

Sentensi mbili hizi zina mwaka, mahali, na matokeo, na aliyenunua samaki wale yumo kwenye hadhira.

Kuna jambo nyeti. Watoto wengi wamesomeshwa kwa pombe ya kienyeji: mbege huko Kilimanjaro, ulanzi huko Iringa, lubisi huko Kagera. Siku ya mazishi, mbele ya mchungaji, familia huona haya na kuandika "biashara ndogondogo". Waulize watoto. Wakikubali, itaje kwa jina. Wasipokubali, andika "biashara" na usiwalazimishe.

Kuhusu elimu, usikimbilie "hakubahatika kusoma". Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata akina mama wengi waliingia madarasa ya ngumbaru jioni, wengine na mtoto mgongoni. Kama alisoma Biblia mwenyewe, au alijua kuandika majina kwenye daftari la upatu, muulize dada yake alijifunzia wapi.

Hatua ya 7: Andika

Lenga kurasa mbili za A4 kwa herufi za kawaida, maneno kama 600 hadi 700. Kwa mwendo wa polepole wa msibani hiyo ni dakika sita au saba, na mshereheshaji atakushukuru. Mpangilio unaoeleweka na kila mtu ni huu:

1. Majina yake yote, alipozaliwa na lini, wazazi, na nafasi yake kati ya ndugu.
2. Utoto na elimu. Kwa ufupi.
3. Ndoa na watoto.
4. Kazi. Hapa ndipo pawe parefu kuliko pote.
5. Imani, vikundi, na uongozi wake.
6. Alivyokuwa nyumbani: mambo mawili au matatu kutoka jikoni, likiwemo moja la kuchekesha. Watu wanaruhusiwa kucheka msibani, na kwa bibi wengine hawataweza kujizuia.
7. Kuugua na kufariki.
8. Aliowaacha, kwa idadi.
9. Maneno ya kufunga kulingana na dhehebu: sala ya "Raha ya milele umpe ee Bwana" kwa Wakatoliki, Ayubu 1:21 kwa wengine wengi. Muulize katekista au mzee wa kanisa ili usirudie kitakachosemwa kwenye ibada.

Kila unapoandika sifa, jiulize "mfano gani?" Kama huna mfano, ifute sifa hiyo.

Hatua ya 8: Kuugua na kifo viwe sentensi tatu

Alianza kuugua lini, nani alimuuguza, alifariki lini na wapi. Basi. Usitaje jina la ugonjwa mpaka watoto wote wakubali. Usilaumu hospitali, daktari, wala jirani, hata kama watu wananong'ona. Karatasi hii inasomwa kwa kipaza sauti na hairudi mdomoni. Aliyemuuguza mtaje kwa jina. Miaka ya kumgeuza mama kitandani na kumwosha haipewi cheti, basi angalau isikike pale.

Hatua ya 9: Isome kwa sauti kwa wale wawili

Usiwape wasome wenyewe. Wasomee jioni kabla ya mazishi, na uangalie wanapokunja uso. Majina ya watu na ya vijiji yatamke mbele yao uhakikishe. Sahihisha, kisha funga: baada ya hapo hakuna anayeongeza neno.

Hatua ya 10: Chapisha na usome

Herufi za ukubwa wa 16, nafasi pana kati ya mistari, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na namba yake. Toa nakala tatu. Usisome kwenye simu. Juani kioo hakionekani, na itaita ukiwa katikati.

Msomaji mzuri mara nyingi ni mjukuu mkubwa. Mtoto wa marehemu anaweza, lakini awe na mtu wa kusimama pembeni akiwa na nakala yake, akijua sauti ya mwenzake ikikatika aendelee na sentensi ile ile bila kuomba radhi.

Mambo yakikwama

Hakuna karatasi hata moja. Nyumba ziliungua, mafuriko yalipita, familia ilihama mara nyingi. Tumia hatua ya 4 kwa kila tukio kubwa la maisha yake na uandike "kwa makadirio" mara moja tu, mwanzoni. Usirudie kila mstari.

Ndugu wawili wanabishana. Kama ni mwaka, chukua wenye karatasi. Kama hakuna karatasi, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1970". Kama ni jambo la aibu, liondoe, maana ubishi wenyewe unaonyesha kwamba hapa si mahali pake.

Mama alikuwa mkali, na kila mtu anajua. Usimgeuze malaika, watu wataangaliana. Andika ukali wake ulikoelekea: "Hakuvumilia mtoto kulala jua likiwa limechomoza, na fimbo yake ya mpera inajulikana na vizazi vitatu." Kama aliumiza watu kweli, fupisha sehemu ya 6 ya mpangilio (alivyokuwa nyumbani) na uandike zaidi kuhusu kazi.

Watoto walio mbali wanataka kusema. Aliye Muscat au Marekani na hakuweza kuja atume sentensi moja kwa sauti au maandishi, uiweke katika sehemu ya 6. Ukikubali barua nzima kwa mmoja, utazikubali zote.

Umebaki na usiku mmoja. Fanya hatua ya 5, ya 6, na ya 8 tu, na uandike ukurasa mmoja. Majina sahihi na kazi yake vinatosha.

Umesoma, kisha mtu anakufuata: "Umemsahau shangazi yako." Usijitetee. Msahihishaji anaweza kuwa msemaji wa familia wakati wa kutoa shukrani, kabla watu hawajatawanyika, kwa kumtaja shangazi kwa jina. Halafu rekebisha faili, uchapishe upya, na nakala iliyosahihishwa mpe yule atakayesimamia kujengea kaburi, kwa sababu kazi hiyo mara nyingi hufanyika miezi mingi baadaye na fundi atataka majina na tarehe zilizoandikwa.